Hesabu za saa nane usiku

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, lisifunguliwe mpaka tarehe 15 Agosti. Sababu tulizijua. Samaki wamepungua, migebuka wanaoletwa mwaloni wamekuwa wadogo mno, na nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana waachwe wazaliane. Sikuwa na ubishi, na hata leo nasema ilikuwa sawa. Ila usawa huo haulipi marejesho ya mkopo.

Mimi ni mtu wa dagaa. Nanunua mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, naanika, nawauzia wanaosafirisha kwa treni. Siku za mbalamwezi wavuvi hawatoki, hilo tumelizoea na kila mtu hujiwekea chochote. Miezi mitatu hakuna aliyeiwekea.

Hofu yangu ilikuwa na saa yake, saa nane usiku. Ilikuwa inaniamsha nihesabu: marejesho ya kikundi, kodi ya chumba, unga wa muhogo, sare na madaftari ya Julai. Nikimaliza naanza tena, utadhani nikirudia jumla itapungua. Zamani nikiamka saa hizo nilikuwa nafungua mlango, naziona taa za wavuvi zimetapakaa kule majini, najua asubuhi kuna kazi. Miezi ile ukifungua mlango ni giza tupu.

Watu walinipa maneno mazuri. "Usiogope dada, mwachie Mungu." Nitasema kweli, yalinichosha. Mara nyingi anayekwambia hivyo ana mshahara wake mwisho wa mwezi, na akishasema ndiyo amefunga mazungumzo, wewe hata hujataja kinachokutisha.

Mama yangu, mzaliwa wa Ujiji asiye na maneno mengi, alikwenda kinyume. "Unaogopa nini hasa, mwanangu? Kitaje." Nikakitaja: deni. Akanisomea ile dua tuliyokuwa tukiiimba madrasa bila kujua maana yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, anajikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni, na unyonge na uvivu, na ubahili na woga, kisha palepale anaunganisha uzito wa deni na kuelemewa na watu. Miaka yote hiyo ulimi unaitaja, masikio hayakusikia kwamba deni limo! Basi kama yeye hakuona haya kulitaja deni mbele ya Mola wake, mimi wa Kibirizi naona haya ya nini?

Nikaanza hivi: ikifika saa nane sihesabu kitandani. Natia udhu, naswali rakaa mbili, namtajia Mungu kiasi chenyewe, shilingi kwa shilingi, kisha narudi kulala. Kulala ndiko kulikonishinda mwanzoni. Kuomba naweza mpaka alfajiri, lakini kuomba kwingine ni kuhesabu kulekule, ila juu ya mswala.

Asubuhi nilifuatana na shoga yangu mmoja, yeye ni wa kanisani na ana zaburi zake, tukaenda Mwandiga kutafuta mawese. Faida ni ndogo, na kuna wauzaji wanaotia maji. Yeye alinifundisha kuwagundua: unachovya kijiti mpaka chini ya dumu, unakipeleka motoni, kikitatarika ujue umeuziwa maji. Kuna muuzaji alitutazama tukifanya hivyo akaanza kutushushia bei kabla hata kijiti hakijafika motoni. Tulicheka njia nzima.

Msidhani nasimulia muujiza. Marejesho yalichelewa, nikatozwa faini, na nikasemwa mbele ya kikundi kizima Jumamosi moja. (Ile ya kuelemewa na watu niliielewa siku hiyo.) Idi ya kuchinja ilituangukia Juni, nyama tukala ya kuletewa na majirani.

Agosti ziwa likafunguliwa, nikarudi mwaloni, na mawese sikuyaacha. Shoga yangu anasema nimenogewa. Hofu nayo haijahama. Juzi imekuja kwa sababu ya mwanangu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikamtajia Mungu jina la mtoto, shule, na somo lenyewe linalonitia wasiwasi, hisabati, nikazima taa. Usingizi ulikuja. Usiku wa kuamkia jana haukuja, nikakaa nikichambua maharage mpaka adhana.