Miche ya msonobari mfupi wa Alpi: mwaka wa kwanza

Februari 10. Leo nimezitoa kwenye jokofu mbegu 40 za Pinus mugo, zilizokaa wiki 4 ndani ya mchanga wenye unyevu, nikazipanda katika trei yenye mchanga mwingi na udongo kidogo. Huu ndio msonobari mfupi wa milima ya Alpi, Karpati na Balkani, ambao hapa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, huitwa Latsche. Mimi nimekulia Mufindi, Tanzania, kwenye mashamba ya misonobari mirefu ya mbao yenye asili ya Meksiko, iliyopandwa kwa safu na kunyooka kama nguzo. Ndiyo maana siku nilipokutana na huu, umelala juu ya mawe na mara nyingi haufiki hata mita 3, sikuamini kuwa ni wa jamii moja na ile ya kwetu.

Machi 4. Miche 27 imechomoza, mingi ikiwa bado imevaa ganda la mbegu kichwani. Nilijaribu kuyavua maganda kwa vidole, na miche 2 ikakatika. Mingine nimeiacha iyaangushe yenyewe.

Aprili 2. Kinyausi, ugonjwa wa miche michanga, kimeingia kitaluni na kuua miche 6 kwa siku 3: shina hulegea pale linapogusana na udongo, kisha mche huanguka. Nilikuwa nikimwagilia jioni, udongo ukabaki umelowa usiku kucha. Sasa namwagilia asubuhi tu, tena baada ya udongo wa juu kukauka.

Juni 15. Jirani mwenye msonobari huu bustanini ameniruhusu kuchota konzi chache za udongo chini yake, nami nimeuchanganya na wa kwenye vyungu, kwa sababu mizizi ya misonobari hushirikiana na kuvu wanaoisaidia kufyonza maji na madini.

Septemba 20. Nimepanda mlimani hadi mita 1,800 hivi kuutazama msonobari huu wenyewe. Matawi yake hutoka karibu na ardhi, hulala kuelekea bondeni, kisha ncha zake huinuka. Theluji ikija huyalaza bila kuyavunja, na ikiyeyuka yanainuka tena, huku mizizi ikiendelea kushika udongo wa mteremko ambao ungeporomoka. Nilikaa pale karibu saa nzima. Hata ukipandwa bustanini, mbali na dhoruba za juu, hubaki kichaka chenye mashina mengi, maana ufupi huo umo katika mbegu yake.

Novemba 8. Miche ni 19, na mrefu kuliko yote una sentimita 4. Majani yake bado yanatoka moja moja. Yale ya jozi, yanayoitambulisha aina hii, nayatarajia mwakani. Vyungu nimevizika bustanini hadi ukingoni ili baridi isiigandishe mizizi: 10 mahali theluji itakapoifunika miche, na 9 chini ya upenu.