Aliyeniwekea kiinitete mara ya pili

Mara ya kwanza kuwekewa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara, nilitoka chumbani moyo ukishaniambia. Daktari alikuwa ameusukuma mrija wenye kiinitete, akautoa, akaagiza kifaa cha kushika shingo ya kizazi, akasukuma tena. Tumbo lilinisokota palepale. Mrija ulipotolewa nikaona damu. Majuma mawili baadaye kipimo cha damu kikaonyesha hakuna mimba.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeulizia bei tu. Wifi yangu, mkunga huku Mombasa, ndiye aliyeniuliza, "Wifi, ni nani aliyekuwekea? Amezoea kazi hiyo?" Sikuwa na jibu.

Nikaanza kujifunza. Kumbe ncha ya mrija yatakiwa ikome sentimita moja hadi mbili kabla ya kufika juu kabisa ya mji wa mimba. Ikiugusa ule ukuta wa juu, misuli huweza kujikaza na kukisukuma kiinitete. Sindano zote zile za kukuza mayai, na siku tano za kukilea kiinitete maabara, zinaishia kwenye mkono wa mtu mmoja kwa dakika chache!

Tulikuwa na viinitete viwili vilivyobaki vimegandishwa. Vikahamishiwa kliniki nyingine Nairobi ndani ya mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nikamkabili daktari mpya na daftari langu. Utaniwekea wewe mwenyewe, au yeyote aliye zamu? Unawawekea wangapi kwa mwezi? Utatumia altrasaundi? Alijibu yote bila kununa. (Angenuna, ningeondoka.) Alisoma faili langu, akaona shingo ya kizazi imepinda, akafanya jaribio mapema kwa mrija mtupu na kuandika urefu na upande wa kuingilia.

Siku yenyewe niliambiwa ninywe maji mpaka kibofu kijae, kwani hunyoosha njia na picha huonekana vizuri. Mrija ukapita taratibu. Kwenye skrini nikaona nukta nyeupe ikitua. Sikuumia. Mtaalamu wa maabara akaurudisha mrija kwenye hadubini, kuona kama kiinitete kimenasa ndani, kisha akaita, "Mtupu!"

Mkono hodari nao haumhakikishii mtu mtoto. Mwanamke niliyekaa naye foleni, daktari wake ni huyohuyo, na hakujaliwa. Mimi binti yangu ana miezi saba. Kiinitete kimoja bado kimegandishwa, na juzi nilipiga simu kuuliza kama daktari yule angali pale.