Mwale ndani ya sukari, mpira hewani: nilivyoielewa jiometria inayounganisha nuru na mwendo

Kwa miaka kadhaa nimefundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na kwa muda wote huo nuru na mwendo vilikaa katika madaftari mawili yasiyojuana. La kwanza lilikuwa na sheria ya Snell (ya jinsi nuru inavyopinda ikivuka kutoka kitu kimoja hadi kingine), lenzi na vioo; la pili lilikuwa na Newton, mpira unaorushwa na sayari zinazozunguka jua. Nilikuwa nimesoma kwamba William Rowan Hamilton, mwanahisabati wa Dublin, alianza na nadharia ya miale ya nuru iliyochapishwa mwaka 1828, kisha mwaka 1834 na 1835 akaipeleka hesabu ileile kwenye mwendo wa vitu. Hata hivyo nililijua jambo hilo kama habari ya historia tu. Sikuweza kulitoa kwa kalamu yangu, na liliniumiza, kwa sababu mwanafunzi akiuliza "Kwa nini, Mwalimu?" nisingekuwa na la kumpa zaidi ya jina la Hamilton.

Nilianzia kwa Fermat, mwanahisabati Mfaransa, ambaye mwaka 1662 alieleza kupinda kwa nuru kwa kanuni ya muda: nuru ikitoka sehemu moja hadi nyingine hufuata njia ambayo muda wake, kwa kawaida, ni mfupi kuliko wa njia zilizo jirani nayo. Kanuni hiyo inageuka kuwa jiometria mara tu unapoibadili rula. Kila kipande kidogo cha njia unakizidisha kwa n, yaani indeksi ya upindaji wa nuru mahali pale (namba inayoonyesha nuru imepunguzwa kasi mara ngapi), na njia iliyo fupi kwa rula hiyo mpya ndiyo mwale. Rula ya namna hii, inayobadilika kutoka mahali hadi mahali, huitwa metriki, na njia zake fupi huitwa jiodesiki. Nilijipima kwa mfano ambao n inapungua kadiri unavyopanda, ikiwa sawa na moja gawanya kwa kimo. Jioni tatu za kuhangaika na alama za Christoffel, yaani namba zinazoeleza jinsi rula inavyobadilika, zikanipa nusu duara zilizosimama juu ya mstari wa chini, jinsi zinavyotakiwa kuwa.

Upande wa mwendo nilimfuata Jacobi, mwanahisabati Mjerumani. Kitu chenye nishati ya jumla E, kikipita mahali penye nishati tuli V (nishati inayotokana na mahali kilipo), hufuata jiodesiki ya metriki ambayo kila kipande cha njia kimezidishwa kwa kipeuo cha pili cha tofauti ya E na V. Kipeuo hicho, ukiacha namba isiyobadilika, ni kasi ya kitu chenyewe.

Hapo ndipo nilipokwama kwa zaidi ya wiki. Kwa nuru, n ni kubwa mahali ambapo nuru inakwenda polepole. Kwa mpira, kinachoshika nafasi ya n ni kikubwa mahali ambapo mpira unakwenda kwa kasi. Nilidhani nimenakili vibaya, nikarudia hesabu yote tangu mwanzo, na mgongano ukabaki palepale. Baadaye nilitambua kwamba mgongano huu ni wa zamani sana: Newton, aliyeichukulia nuru kuwa chembe, ilimbidi aseme kwamba inaongeza kasi ikiingia majini, ilhali hesabu ya Fermat ilidai kinyume chake, na ni mwaka 1850 ndipo mwanafizikia Mfaransa Foucault alipoonyesha kwa kipimo kwamba nuru hupunguza kasi ndani ya maji.

Kilichonifungua ni mstari mmoja wa hesabu. Nilichukua mlinganyo wa mwale na badala ya kuhesabu kwa urefu wa njia, s, nikahesabu kwa kigezo kingine, τ, ambacho dτ = ds/n. Mlinganyo ukawa: d²r/dτ², ambamo r ni mahali ulipo mwale, ni sawa na mteremko wa n²/2. Huo ni mlinganyo wa Newton, ambamo n²/2 imeshika nafasi ya nishati tuli iliyogeuzwa alama. Lakini τ si sekunde za nuru. Jiometria inatunza umbo la njia, na saa ya kila msafiri ni jambo la pembeni. Fermat na Newton walikuwa wakiichora njia ileile na kuzozana juu ya saa.

Sikutaka jambo hili libaki karatasini. Nilichukua tangi la kioo la samaki, urefu wa sentimita 40 na upana wa 15, na karibu kilo moja na nusu ya sukari. Nilikoroga maji ya sukari ya asilimia 40, 30, 20 na 10, nikayamimina kwa zamu kuanzia yale mazito, kila tabaka sentimita 2, huku nikiyapitisha juu ya kijiko ili yasivurugane, na juu kabisa nikaweka maji matupu. Baada ya siku mbili mipaka ya matabaka ilikuwa imeyeyukiana. Kwa mpangilio huo n hupanda kutoka takriban 1.33 juu hadi 1.40 chini. Nilipoingiza mwale mwekundu wa leza ukiwa mlalo, katika tabaka la pili kutoka juu, uliinama taratibu mbele ya macho yangu kama jiwe lililorushwa kutoka ukingoni mwa meza. Hesabu ilitabiri mshuko wa sentimita 5. Rula ilinipa 4.4, na upungufu huo nauelewa, kwa kuwa karibu na sakafu ya tangi mteremko wa n hufifia.

Mahali ambapo n² inabadilika kwa ulingano na kimo, njia hiyo ni parabola kamili. Jiwe likishuka huongeza kasi. Mwale wangu ulishuka ukipunguza kasi yake, kutoka takriban kilomita 222,000 kwa sekunde hadi 216,000 hivi. Mazigazi ya barabarani mchana wa jua ni parabola hiyohiyo iliyopinduliwa, maana hewa ya moto juu ya lami ina n ndogo, na mwale unaoteremka kutoka angani hugeuzwa kwenda juu kabla ya kuigusa lami. Mpira uliorushwa juu unakwenda polepole zaidi ukiwa kileleni, na mwale wa mazigazi unakwenda kasi zaidi ukiwa kwenye kitako cha mchirizi wake, pale tunapoona maji.