Rula chini ya mstari wa 112

Novemba ile, Newala, mnada wa pili wa korosho ulikuwa umepita, na mimi karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, nilitakiwa kupeleka benki orodha ya malipo ya wakulima 236. Kazi yenyewe haina ujanja. Unashika stakabadhi, unaandika jina, namba ya akaunti, kilo, kisha kilo mara bei baada ya makato. Mtu aliyetulia humaliza mistari 60 kwa saa.

Aliyetulia, nimesema. Ofisi ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa ghala, na kila aliyeshusha magunia alichungulia. "Mwanangu, hela imeshaingia?" Mzee hajibiwi ukiwa umeinamia karatasi. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, za shamba, halafu ndiyo hela. Dakika tatu hizo sizilalamikii. Balaa ni kurudi kwenye karatasi hujui uliishia wapi.

Mstari wa 112 na wa 113 walikuwa mtu na mdogo wake, jina la baba na la babu yaleyale. Mkubwa kilo 615, mdogo 215. Nikiwa hapo katikati, dereva wa lori akapiga simu anataka idadi ya magunia. Niliporudi, kilo za mkubwa nikampa mdogo, za mdogo nikampa mkubwa. Jumla ikalingana na hati ya ghala bila kupungua kilo, maana namba zikibadilishana nafasi jumla haitikisiki. Nikagonga muhuri.

Kosa lilipojulikana tukapanga upya siku nzima. Mzani saa mbili hadi saa saba, orodha saa nane hadi saa kumi, simu kwenye droo. Mlinzi akapewa daftari la maswali: jina, namba ya stakabadhi, shida yenyewe, majibu saa kumi. Ubaoni tukaandika mnada wa ngapi, bei, na tarehe orodha ilipokwenda benki. Ubao ndio uliopunguza watu kuliko vyote, kwani wengi walichotaka kujua ni kama orodha imeondoka.

Siku ya kwanza tulifunga mlango, na hilo likawa kosa jingine. Msimu wa korosho, makarani wakijifungia, watu wanajua hela zinagawanwa humo. Manung'uniko yakafika kwa mwenyekiti kabla ya saa tisa. Kesho yake mlango ukafungwa, dirisha likaachwa wazi, kila mtu akaniona naandika.

Akija asiyezuilika, kama mwenyekiti mwenyewe, namaliza mstari wote, naweka rula chini yake, natia alama ya penseli, ndipo nainua kichwa. Katikati ya namba ya akaunti siitiki hata kwa hodi. Kila mistari 20 najumlisha pembeni, kosa likitokea nisirudie zote. Na kwa kuwa jumla haikamati kilo zilizobadilishana, kabla ya muhuri mwenzangu husoma stakabadhi kwa sauti, mimi nafuata kwa kidole.

Mdogo mtu alikuwa ameshanunua bati na kuezeka. Alikubali akatwe kwenye mnada wa nne. Kaka yake akasema sawa, ila mvua ikiwahi kabla ya mnada, yeye na wanawe wanahamia chini ya bati hizo.