Mbwa Huyo Alikuwa na Mawazo Gani?

"Baba, hii ndiyo chumvi iliyomuua bibi?"

Mkono wa mwanangu ulikuwa umezama kwenye mfuko aliotutumia shangazi yake kwa basi kutoka Kigoma: dagaa, migebuka mikavu, kilo mbili za chumvi ya Uvinza. Sijui nani kamjaza maneno hayo. Nikamwambia aache kuchezea chakula.

Mnamjua mama. Chumvi hiyohiyo aliiuza sokoni Mwanga tangu sijazaliwa, na hakupenda isemwe vibaya. Siku ile tulipompeleka hospitali, presha yake ilisoma 190 kwa 110. Wakarudia mara tatu. Yeye jibu lake alikuwa nalo tangu nyumbani: presha ni mawazo. Tangu kaka azame ziwani hakuwa amelala usingizi wa maana, sasa chumvi inaingiaje hapo?

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Hakubishana naye. Alichukua mpira wa dripu, akauning'iniza na chupa yake juu ya beseni, maji yakatiririka. Kisha akaubana kwa vidole viwili.

"Mama, huku chini ndiko liliko figo. Likiona damu inakuja kidogo hivi, linadhani mwili mzima umekauka. Halijui kwamba kilichobanwa ni mshipa wake tu. Basi linamwaga kitu kinaitwa renini, mishipa inakaza, chumvi na maji vinazuiwa visitoke na mkojo. Presha inapanda."

Akamsimulia habari za Goldblatt, daktari wa Cleveland huko Marekani, ambaye mwaka 1934 alitangaza kwamba amebana mishipa ya figo za mbwa kwa vibanio vya madini ya fedha, na presha yao ikapanda.

Mama hakuwa akimtazama daktari. Alitazama ncha ya mpira. Tone lilikuwa linavimba taratibu, linatetemeka, linadondoka. Jingine likaanza kuvimba. Akajifunga kanga upya, akauliza kwa upole kabisa:

"Baba, na mbwa huyo alikuwa na mawazo gani?"

"Mbwa, mama?"

"Umkamate, umpasue, umfunge mishipa, halafu useme hana mawazo?"

Kijana wa watu akacheka mpaka vidole vikaachia, maji yakaruka yakatulowesha viatu.

Yaliyofuata mnayajua. Vidonge alivimeza hadi alipojisikia mzima, akaviacha. Chumvi hakuiacha. Miaka sita baadaye figo zenyewe zikachoka, maana presha nayo huzirudia figo na kuziharibu.

Mimi nimeyasoma haya nikiwa nimeshachelewa. Kuna panya waliopandikizwa figo za wenzao wenye presha, nao wakaipata; ugonjwa umehama na figo. Hapo nikampa daktari ushindi. Lakini nikasoma pia kwamba mishipa ya fahamu inafika mpaka kwenye figo, na mtu akipata mshtuko inalichochea limwage renini ileile. Ningempigia mama simu usiku huohuo. Angenicheka wiki nzima, halafu angeongeza chumvi kwenye mboga.

Nilimwambia mtoto si chumvi. Baadaye nikamwambia si chumvi peke yake. Alipouliza tena nilikuwa nimeshapanda kiti, nausukuma ule mfuko juu ya kabati.