Vigae vya Kashan: mwezi wa tatu, moshi umeanza kujibu

Haya wadau, kwa anayeingia leo, natengeneza vigae vya nyota na msalaba kama vile vya kaburi la Imamzadeh Yahya kule Varamin, Uajemi, vya mwaka 1262. Nyota ina ncha nane, na kati ya nyota nne unaingia msalaba. Vile vinahesabiwa ni kazi ya Kashan, na Waajemi mpaka leo kigae wanakiita kashi, jina limetoka mji huo.

Miezi miwili nimehangaika na udongo wa kawaida wa mfinyanzi, ukikauka unasinyaa na kila nyota inasinyaa kivyake, ukija kupanga msalaba hauingii. Nikarudi kwa Abu'l-Qasim wa Kashan, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi, ameandika kipimo mwaka 1301: jiwe jeupe la kwatzi lililosagwa sehemu 10, kioo cha kusaga 1, udongo mweupe 1. Jamani, ule unga haushikiki! Ni kama unafinyanga sukari, ncha zinakatika ukiinua fremu tu. Ila ukiushindilia kwenye fremu ya mbao ukaulaza humohumo usiku kucha, asubuhi nyota inatoka na ncha zake zote na kusinyaa hukuoni. Nyota 9, misalaba 4, yote imeingia. Nimezikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Glezi, yaani ule utando wa kioo juu ya kigae, nimeweka nyeupe ya bati. Wafinyanzi wa Kashan walitia na risasi, ile metali yenye sumu, mimi siigusi, nyumbani kuna watoto.

Sasa ile rangi ya dhahabu inayong'aa kwenye vigae vile vya Varamin, ambayo dhahabu yenyewe haimo kabisa, ni fedha na shaba, unasaga na siki, unachora juu ya glezi iliyokwisha kuchomwa, halafu inarudi tanurini kwa moto mdogo na unaunyima hewa, moshi unanyang'anya oksijeni na juu ya kigae unabaki utando mwembamba sana wa metali. Jumamosi nikachoma, kufungua nakuta zote nyeusi tii, roho ikaniuma kweli. Ndo nikakumbuka Abu'l-Qasim anasema zisuguliwe na udongo wenye unyevu. Nikasugua moja baada ya moja, na ile iliyokaa karibu na mdomo wa kuni, kwenye jani moja tu nililochora, ikatoka dhahabu nyekundu! Ukiigeuza juani inapita ukijani kidogo.

Zile 8 hazijatoa kitu, moshi haukufika nyuma. Wiki ijayo natoboa tundu la moshi upande wa nyuma, nachoma tena nyota 3 tu kwanza.