Buti za papa

Leo nimevuta sanduku chini ya kitanda, nyumbani Kadutu, Bukavu, nikakuta buti za papa, baba yangu. Zina udongo mweusi wa mlima Kahuzi hadi leo. Mama hakutaka zioshwe.

Papa alipenda nyumba yake, ila kuta zilimbana. Jumapili misa ikiisha tu: "Nani anaenda na mimi?" Tulikuwa watoto watano, wanne wanajificha. Mimi nilikuwa mzito wa kukimbia, basi nikawa ndiye rafiki yake wa safari.

Siku tuliyopanda Kahuzi, mita 3,308, nililia kwenye mianzi. Matope magotini, ukungu, baridi ya kukata masikio. Hakunibeba. Alikaa juu ya mzizi, akafungua jani la ndizi, akakata muhogo wa kuchemsha kwa kile kisu chake cha mpini wa mti, akanipa kipande kikubwa. "Kula kwanza. Mlima hauhami."

Kule juu ukungu ulifunguka kidogo, ziwa Kivu likaonekana mbali. Akavua kofia. Hakusema kitu.

Mwaka umepita. Mama akikaanga sambaza, vile visamaki vya Kivu, bado anatoa sahani moja zaidi.

Buti nimezijaribu. Zinanienea.